Pini Isiyo na Waya

Aneth, mwanangu, juzi umenipigia simu kwa ile sauti yako ya mtu anayefanya usafi. "Mama Upendo, humu kwenye droo ya meza ya kurekodi kuna kipande cha pini ya hedifoni kimekatwa waya. Natupa, eeh?" Nilikuwa nakaanga karanga. Zikaungua zote. Weee, thubutu! Itupe hiyo pini uone kama sitapanda gari na kanga yangu ya jikoni nije Mlowo nikuulize mbele ya wateja.

Hasira ziliposhuka nikajiuliza, huyu mtoto angejuaje? Nimestaafu kwa keki na picha nyingi, nikakabidhi funguo, nikakabidhi maikrofoni, nikakabidhi hata jagi la chai, lakini hiyo pini sikuisemea neno. Basi leo nimekaa chini niwaandikie wewe na Frank, mliorithi meza yangu. Habari za vyeo hamtazikuta humu. Pale dukani cheo kilikuwa kimoja tu, kukaa karibu na feni, na Mlowo yenyewe kuna baridi.

Nilianza kazi Tunduma, enzi za kaseti, kwa Mzee Sikazwe. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Dereva akishakaa kwenye foleni hiyo anataka vitu viwili, chakula na muziki. Chakula waliuza wengine. Sisi tulikuwa tunanakili kaseti, kwaya upande mmoja wa rafu na rumba upande wa pili, na Mzee hakutaka zichanganywe. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kofia ya sufu, na sentensi yake moja ilianza kwa Kibemba, ikapita Kinamwanga, ikaishia Kiswahili. "Mulishani bamayo," alimsalimia kila mama aliyeingia, hata aliyekuja kuulizia njia tu.

Siku yangu ya kwanza aliniweka mbele ya mashine mbili za kaseti zilizounganishwa kwa waya. Moja inapiga, nyingine inarekodi, spika imezimwa. Akaniambia niangalie, akatoka kwenda kunywa chai. Sasa mimi binti mgeni, mashine mbili zinazunguka, muziki upo ndani humo na mimi siusikii! Nikaona huo ni uonevu. Nikafungulia spika, kidogo, nikafungulia tena. Madereva wakasogea. Mmoja akaanza kucheza, wa pili akaegemea meza kwa makalio, meza ikayumba, na Mzee Sikazwe aliporudi alikuta shughuli nzima.

"Binti," alisema, "unarekodi au unaozesha mtu?"

Ile kaseti ilitoka inayumbayumba, mwimbaji anaimba kama amelewa. Mzee aliizungusha nyuma, akanisikilizisha yote, mwanzo hadi mwisho, ndiyo adhabu yangu. Kisha akanionyesha mishale miwili midogo kwenye mashine, ile inayorukaruka sauti ikipita. Akasema kazi hii inafanywa kwa macho. Spika ni ya kumfurahisha mteja, mrekodi anaangalia mishale. Mshale ukilala, hakuna sauti. Mshale ukigonga mwisho, sauti inapasuka. Mshale ukicheza katikati, tulia, kunja mikono, usiguse kitu.

Nilikaa mchana kutwa nikiangalia mishale. Jioni nikaweka kaseti niliyoirekodi bila kuisikia, nikabonyeza, na kwaya ikatoka safi, kila sauti mahali pake, hakuna lori, hakuna dereva, hakuna meza! Jamani, niliruka. Nilipiga kelele mpaka mama wa chapati jirani akaja na mwiko wake akidhani kuna mwizi. Mzee Sikazwe alijifanya haoni, lakini kofia yake ilikuwa inatikisika kwa kicheko.

Miaka ikaenda. Kaseti zikafa, CD zikaja nazo zikafa, mimi nikahamia Mlowo kwenye duka mnalolijua. Likaja jambo jipya: wimbo uko ndani ya kompyuta, unalia vizuri, lakini hauna faili la kumpa mtu. Kuna programu inaupiga tu, au mtu anaongea kwa simu ya video, au ni matangazo yanayopita moja kwa moja. Mteja anataka aondoke nayo kwenye flashi. Unafanyaje?

Mimi nilifanya walivyofanya wote. Nilifungulia spika za kompyuta hadi mwisho, nikaweka simu mbele yake, nikabonyeza rekodi, nikanyamaza. Mimi nilinyamaza. Mlowo haikunyamaza. Siku ya soko, barabara kuu mlangoni, wanunuzi wa mahindi wanabishana, makondakta wanaita Mbeya. Kuna kwaya moja ya akina mama niliwarekodia hivyo, na katikati ya ubeti wa pili lori likapiga honi ndefu. Nikawapa huku nimejikunja kwa aibu. Wiki iliyofuata wakarudi na mbuzi wa shukrani. Mwenyekiti wao akaniambia, "Lile tarumbeta limetupendeza mno. Na kwenye wimbo wa tatu utuwekee." Nikabaki nimemshika mbuzi kamba.

Wakati huo Mzee Sikazwe alikuwa amezeeka, lakini akipita kwenda kwa binti yake Vwawa hakosi kushuka kunisalimia. Akanikuta nimeelekeza simu kwenye spika. Akasimama mlangoni, akatikisa kichwa.

"Kaseti ulikuwa unazirekodi kwa kuzisogezea sikio?"

"Hapana, Mzee. Kwa waya."

"Basi tafuta waya."

"Huku kwenye kompyuta hakuna waya, Mzee wangu."

"Upo. Uko tumboni mwake. Tafuta."

Hakuwahi kugusa kompyuta maishani, yule mzee! Lakini alijua kwamba sauti kabla haijafika kwenye spika lazima ipite mahali, na popote inapopita unaweza kuikinga. Nikaanza kupekua. Nikafungua kila mahali palipoandikwa sauti, nikabonyeza kulia, nikabonyeza kushoto, mpaka kwenye programu ya kurekodi nikaona kumbe kuna pa kuchagua: urekodi kutoka kwenye maikrofoni, au urekodi sauti ya kompyuta yenyewe. Ilikuwa imefichwa, lazima uiambie ionyeshe na vilivyofichwa. Nikachagua. Nikapiga wimbo. Mistari ya kijani ikaanza kuruka, juu chini, juu chini, mishale yangu ya Tunduma imefufuka! Nilikimbia nje nikamkumbatia muuza vocha ambaye hata sikuwa namfahamu vizuri.

Lakini furaha yangu ilikuwa na haraka. Kwa kuwa sasa sihitaji spika, nikabonyeza kile kialama cha kuzima sauti pale chini ya skrini. Nikarekodi ibada nzima. Nilipoifungua nikakuta mstari mmoja mnyoofu toka mwanzo hadi mwisho. Nimerekodi ukimya, tena wa ubora wa juu. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, Frank na wewe Aneth: mashine nyingi ukizima sauti hapo kwenye skrini umeikata kabla haijafika kwenye rekodi. Sauti iache wazi ndani. Funga mlangoni. Kompyuta yetu kubwa ni rahisi, spika zake zina swichi, zima swichi basi. Laptop ndiyo yenye matata, kwa sababu spika zake zimo ndani ya mwili.

Nikamweleza Mzee Sikazwe tatizo hilo, safari yake iliyofuata. Akanisikiliza, akaomba hedifoni yoyote iliyoharibika na wembe. Akakata waya palepale kwenye shingo ya pini, akaichomeka kwenye tundu la laptop. Spika zikafa. Laptop ikaamini imevaa hedifoni, ikawa inapeleka sauti huko, na huko hakuna waya wala sikio. Huku ndani mistari ya kijani inacheza tu. Alinitazama kwa dharau ya upendo, akasema "Natotela," akijishukuru mwenyewe, akaenda kupanda gari. Hayupo tena duniani. Hiyo ndiyo pini uliyotaka kuitupa, Aneth.

Sheria ya mwisho kabla sijafika kwenye kisa chenyewe. Ukirekodi kutoka tumboni, kompyuta haichagui. Inameza kila kinacholia humo ndani. Meseji ikiingia, mlio wake unamezwa. Kwa hiyo funga kila kitu, na kufunga ni kufunga kweli, si kushusha dirisha likae chini ya skrini halafu useme umefunga.

Sasa Mwalimu Kibona.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya huko milimani Ileje, mtu mrefu, mpole, sweta la kijivu mwaka mzima. Kwaya yake iliimba vizuri ajabu, na ilikuwa inakufa. Mwaka wa nyuma walitunga wimbo mpya kwa ajili ya tamasha la kwaya la Vwawa, wakaja kuurekodi kwenye duka moja la barabarani hapa Mlowo ambalo silitaji, maana lilishafungwa. Duka lile lilikuwa na spika za nje, na spika zilikuwa wazi. Bwana Nzowa alikuwa anapita.

Bwana Nzowa mnamfahamu, yule kiongozi wa kwaya ya hapa Mlowo, tumbo mbele na kicheko mbele zaidi. Mungu amempa sikio la ajabu. Akisikia wimbo mara moja anaurudisha kwenye kinanda na kuutia chumvi. Siku ya tamasha kwaya ya Mlowo ilitangulia kuimba, na ilichoimba ni wimbo wa watu wa Ileje, umepigwa kinanda mpaka unang'aa. Halafu wakapanda watu wa Ileje kuimba wimbo wao wenyewe. Ukumbi ulicheka. Waigaji! Watoto waliimba huku wanalia. Nzowa alipoulizwa alisema ameusikia barabarani, na kitu cha barabarani ni cha wote.

Kwa hiyo mwaka uliofuata Mwalimu Kibona alipoingia dukani, Jumatano mchana, alitazama kwanza nyuma ya mlango. Laptop ilikuwa ndani ya kikapu, chini ya maharage.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama. Spika zako za nje ziko wapi?"

"Sina za nje. Hizi za ndani nimeshazima swichi, tazama."

Akatazama, akagusa. Ndipo akanieleza. Binti yake aliyeko chuoni alikuwa amempangia ala za wimbo mpya kwenye programu ya kutungia muziki, kinanda, ngoma, besi, kila kitu. Waimbaji wataimba wenyewe, ala zitatoka kwenye flashi. Lakini programu yenyewe ni ya majaribio. Inapiga wimbo vizuri, ila ukitaka kuuhifadhi inagoma. Na majaribio yanakwisha leo. Tamasha Jumapili.

"Vijana wameniambia wazi, Mama," alisema, sauti imeshuka. "Tukichekwa tena mwaka huu, hawarudi. Wengine wameshaitwa na kwaya ya Mlowo. Nitabaki na wazee wanne na kengele ya kanisa."

"Hatutachekwa," nikamwambia. Sikujua nimeanza lini kuwa mwanakwaya wa Ileje, lakini nilikuwa tayari nimekunja mikono ya blauzi.

"Na hata wewe, samahani sana, nisingependa usikie. Si kwamba sikuamini. Siamini hewa."

Nikacheka. Nikampa pini aitazame, nikamweleza inavyofanya kazi, na uso wake ukawaka kama mtoto aliyeona mwanasesere. Nikafungua programu yetu ya kurekodi kwenye laptop yake. Nikamwambia afunge kila kitu kingine, hasa meseji, kwa sababu laptop ile ilikuwa imeshajiunga na intaneti yetu siku alipokuja kuprinti ratiba, na katibu wake aliunganisha humo grupu la viongozi wa kwaya.

"Nimefunga," akasema.

Nikachomeka pini. Akabonyeza wimbo, nami nikabonyeza rekodi. Kimya. Mistari ya kijani ikaanza kuruka. Na mlangoni akaingia Bwana Nzowa.

"Hodi humu! Mama Upendo, salama? Eh, Mwalimu Kibona! Umeshuka kutoka mawinguni!"

Mwalimu akawa wa rangi ya sweta lake. Mimi nikatoa tabasamu langu la wateja. "Karibu, Bwana Nzowa. Kaa hapo kwenye benchi, namalizia kazi ya Mwalimu, kisha nakuprintia." Akakaa. Akakaa hatua chache tu kutoka kwenye wimbo, jamani, na sikio lake lile! Wimbo unalia tumboni mwa laptop, ngoma zinapigwa, kinanda kinapanda, na yeye anapangusa vumbi la viatu vyake na kuulizia bei ya mahindi. Nilitaka kucheka kwa sauti. Nikamjibu mahindi yamepanda. Akasema yeye kasikia yameshuka. Tukabishana kuhusu mahindi juu ya wimbo mzima wa watu, na hakuna hata noti moja iliyomfikia.

Kisha akachoka kubishana, akatoa simu, akawa anaandika kitu huku midomo inatembea.

Macho yangu yalikuwa kwenye mistari. Katikati ya wimbo mistari ikalala. Nikashtuka, nikadhani umekatika. Halafu kikatokea kichuguu kimoja, kidogo, peke yake, mistari ikalala tena kidogo, kisha ikaruka kwa nguvu zote na kuendelea hadi mwisho. Nikachukulia ni pigo la ngoma, watoto wa chuo wanapenda vitu vya namna hiyo. Hata hivyo nikainama kwa Mwalimu. "Hapa katikati, Mwalimu, hiki..."

"Shhh!" Akanikonyeza kuelekea benchi. "Tusiongee."

Nikahamishia rekodi kwenye flashi, akaichukua, akaifunga laptop, akaifukia kwenye maharage, akamuaga Nzowa kwa heshima zote na kukimbilia gari la mwisho la kwenda kwao. Hakusikiliza hata mwanzo wake. Mimi pia sikusikiliza. Tulikuwa tumerekodi wimbo ambao hakuna sikio lililousikia, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote.

Nikamprintia Nzowa ratiba zake. Anaondoka, anageuka mlangoni. "Unajua, Mama Upendo, mimi sina kinyongo na mtu. Nimekaa hapo benchi nikawaandikia wenzangu wote kwenye grupu la viongozi. Nimewatakia heri, hata Kibona."

"Umeandika saa hizi? Ukiwa hapo?"

"Hapo hapo."

Kile kichuguu! Mwalimu hakufunga meseji, aliishusha chini ya skrini, na heri ya Nzowa ilikuwa imelia ting katikati ya wimbo wa Ileje, mahali palipotakiwa pawe kimya. Nikaona ukumbi wa Vwawa, nikasikia kicheko.

Nikampigia Mwalimu. Haipatikani. Nikampigia tena, haipatikani, kwao mtandao unaufuata juu ya kilima, tena siku ukiwa na hisani. Nikamwandikia meseji: Mwalimu usitumie hiyo rekodi, kuna mlio katikati, nirudishie niufute. Kazi ya kuufuta ni ndogo kabisa, kama kung'oa jani. Tiki moja. Alhamisi nikaandika nyingine, tiki moja. Ijumaa, Jumamosi, tiki moja. Hata magari ya Ileje niliyoyaulizia yalikuwa yamekwamishwa na mvua hadi Jumamosi jioni.

Jumapili nilifika Vwawa ukumbi umeshajaa. Kwaya ya Mlowo ilikuwa inashuka kwa vigelegele, na watu wa Ileje walikuwa wameshapanga mistari mbele, sare za kitenge, flashi imeshachomekwa. Nilijipenyeza, nikakanyaga watu, nikampungia Mwalimu mikono yote miwili. Akaniona. Akatabasamu kwa furaha kubwa, akanipungia na yeye. Kisha akageukia kwaya yake na kuinua mikono.

Wimbo ukaanza, na mimi ndiyo kwanza nausikia. Haki ya Mungu, ulikuwa mzuri! Kinanda safi, besi inatembea, hakuna lori, hakuna soko. Waimbaji waliimba jinsi watu wanavyoitwa kila siku, wanaitwa na mazao, wanaitwa na mipaka, wanaitwa na bei, na kila wakiitwa wanakimbia. Wakapanda, wakapanda, sauti ya nne inaunguruma chini. "Lakini Bwana akikuita wewe," wakaimba, "lakini Bwana akikuita..."

Wakanyamaza. Ala zikanyamaza. Ukumbi wote kimya. Nikafumba macho.

Ting.

Nilifumbua macho nikaona kitu ambacho sitakisahau. Ukumbi mzima, watu wote wale, walikuwa wametia mikono mifukoni. Akina mama wamefungua mikoba. Jaji wa katikati ameshatoa simu yake na kuitazama. Bwana Nzowa, mstari wa mbele, alikuwa anajipapasa kifuani na kwenye suruali kwa pamoja. Na wote wakiwa hivyo, mikono mifukoni, sauti ya kwanza ya Ileje ikawashukia:

"Utaitika?"

Weee! Paa likataka kuondoka. Watu walisimama. Walicheka, ndiyo, walicheka sana, lakini walikuwa wanajicheka wenyewe, simu mikononi, na wengine walikuwa wanafuta machozi. Jaji alificha simu yake chini ya meza. Waimbaji waliendelea hadi mwisho na vijana wao walikuwa wanang'aa.

Nje, Mwalimu Kibona alinishika mikono yote miwili. "Mama! Ile kengele uliyotuwekea! Nilipoisikiliza kule nyumbani nikasema, huyu mama hakuusikia wimbo, amejuaje mahali pake? Tumefanya mazoezi nayo siku zote, sauti ya kwanza wanaingilia hapo. Uliwaza nini?"

Nikanyoosha kanga yangu mabegani nipokee sifa vizuri. Wakati huo huo akawasha simu yake, aliyokuwa ameizima kwa ajili ya tamasha. Ting, ting, ting, ting. Akasoma kwa sauti ya darasani: "Mwalimu usitumie hiyo rekodi, kuna mlio katikati..." Akasoma ya pili. Akaniangalia juu ya miwani. Mimi nikatazama mawingu.

Na hapo akaja Bwana Nzowa, anahema. "Kibona, sema kweli. Nani kawawekea ile kengele? Nani fundi wenu?"

Tukatazamana, mimi na Mwalimu.

"Wewe," nikamwambia.

Nilimwonyesha, kwenye simu yake mwenyewe, saa ya meseji yake ya Jumatano. Alisoma maneno yake mwenyewe, tunawatakia kwaya zote maandalizi mema, akaelewa taratibu, kuanzia machoni hadi tumboni, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na suti yake ya tamasha. Aliyechukua kombe ni yeye, na Ileje walikuwa wa pili. Lakini niulizeni mwaka huo Mlowo waliimba nini. Hakuna anayekumbuka. Vijana wa Mwalimu hawakuondoka hata mmoja.

Ndiyo maana siku yenu ile ya kuniaga, pale mlipoona watu wa sweta wanashuka kutoka kwenye gari na mkaniuliza ni akina nani, niliwaacha nikakimbia kuwapokea. Watu wa Ileje walisimama kati ya meza ya kurekodi na benchi, wakaimba bila flashi, bila ala, midomo tu. Mlikuwepo. Mliona walivyopanda hadi "lakini Bwana akikuita," wakanyamaza, na ule ukimya ukawa mrefu, kwa sababu safari hii hakukuwa na mashine ya kulia.

Nyinyi mlidhani wamesahau. Mimi nilimwona Bwana Nzowa, amekaa palepale kwenye benchi, ameinamia simu, midomo inatembea.

Ting. Yangu, ya Mwalimu, ya nusu ya watu mle ndani. Nilitia mkono mfukoni kama wengine, nikasoma. Tunamtakia Mama Upendo mapumziko mema.

Nikaitika.